Uliza Ujibiwe: Lugha za kigeni chuoni, ni shahada au ni kwaya?

Tangu matokeo ya kidato cha sita yatangazwe, barua zinazofika mezani kwangu hapa Mtwara zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: kijana akienda chuo kikuu kusoma lugha ya watu, anasoma nini hasa, na zile sherehe za utamaduni zinazoonekana kwenye simu zina kazi gani? Nimechagua barua tano. Mimi mwenyewe nilipitia idara ya namna hiyo, kisha nikafundisha Kifaransa mpaka nilipostaafu, kwa hiyo wasomaji wanivumilie wakiona nimeegemea upande.

*Mwalimu, salaam. Binti yetu amemaliza mchepuo wa HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, na amefaulu vizuri. Anataka kuomba shahada ya lugha za kigeni, lakini baba yake anataka asome sheria. Juzi binti wa jirani, ambaye yuko mwaka wa pili katika idara hiyo, alituonyesha video za usiku wa utamaduni: wanafunzi wanaimba, wanapika, wanaigiza wamevaa kofia za ajabu. Baba yake akauliza, hii ni shahada au ni kwaya? Nilikosa la kumjibu. Mama, Ligula, Mtwara.*

Mama, mfikishie mzee salamu zangu na umwambie kwamba swali lake ni la haki. Hata vyuoni wapo wahadhiri wa fani nyingine wanaouliza hivyo hivyo, ila wao huulizia pembeni, kwenye chai.

Shahada ya kawaida ya miaka mitatu hapa nchini ina krediti zisizopungua 360, na kila krediti moja huhesabiwa kuwa ni saa kumi za kazi ya mwanafunzi, zikiwemo za darasani, za kujisomea na za mitihani. Katika idara ya lugha za kigeni, sehemu ya krediti hizo huenda kwenye lugha yenyewe, yaani kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika, na sehemu nyingine huenda kwenye isimu, ambako binti yako atajifunza jinsi sauti zinavyotolewa kinywani, maneno yanavyoundwa na sentensi zinavyojengwa. Kuna pia fasihi ya lugha hiyo, historia na ustaarabu wa nchi inakozungumzwa, tafsiri na ukalimani, na kwa wanaosomea ualimu, mbinu za kufundisha. Isimu ndiyo inayowashtua wengi. Wanafika wakidhani watakuja kupiga soga kwa Kifaransa, wanakuta wanachora kinywa cha mwanadamu kilichokatwa ubavuni na kutakiwa waonyeshe ulimi umekaa wapi.

Sasa twende kwenye hiyo kwaya. Chukua kozi moja ya lugha yenye saa nne za darasa kwa wiki katika muhula wa wiki 15: ni saa 60. Kumfikisha mtu katika ngazi ya B2, ambayo kwa vipimo vya Ulaya ndiyo ngazi ya mtu anayeweza kujitegemea katika mazungumzo na kazi, walimu wa Kifaransa hukadiria takribani saa 600 za masomo. Mzee anaweza kupiga hesabu mwenyewe na kuona kwamba ratiba ya darasa peke yake haitoshi, hasa katika nchi ambayo mwanafunzi akitoka mlangoni hasikii tena neno la lugha hiyo. Mwanafunzi wa Kifaransa aliyeko Kinshasa hununua mkate kwa Kifaransa. Wa kwetu hununua mkate kwa Kiswahili, hupanda daladala kwa Kiswahili na huota kwa Kiswahili. Igizo, wimbo, mdahalo na mashindano ya mashairi ndiyo soko lake na daladala yake. Humo ndimo anamolazimika kusema na kusikilizwa na watu ambao hawamwekei alama.

Nitoe mfano unaoniaibisha. Kifaransa kina neno *dessus*, maana yake juu, na neno *dessous*, maana yake chini. Kinachoyatenganisha ni irabu ya mwisho. Ile ya *dessous* ni “u” yetu ya kawaida, lakini ile ya *dessus* haimo katika Kiswahili: unaviringa midomo kana kwamba utasema “u”, halafu ulimi unaupeleka mbele mahali pa “i”. Nilipokuwa mwaka wa pili nilipewa nafasi ya mtumishi katika igizo fupi, na kazi yangu kubwa ilikuwa kumwambia bwana wangu kwamba barua imeanguka chini ya meza. Mtihani wa matamshi nilikuwa nimeufaulu vizuri kabisa. Usiku ule, mbele ya ukumbi uliojaa, nikasema *dessus*. Mwenzangu, mcheshi wa kuzaliwa, badala ya kuinama kama tulivyofanya mazoezini, alisimama akapapasa juu ya meza, akainua sahani, akachungulia ndani ya bilauri, kisha akanigeukia na kuniuliza kwa Kifaransa kilichonyooka kama nina homa. Ukumbi ulicheka mpaka mhadhiri wetu akavua miwani ajifute machozi. Sijalikosea neno lile tena, na wanafunzi wangu wote niliwafundisha kwa kisa hicho.

Kuhusu kazi, sitakudanganya kwamba ajira zinasubiri mlangoni. Lakini Arusha ndiko yaliko makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na huko huko ndiko ilikokaa kwa miaka ishirini mahakama ya kimataifa iliyosikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda, ambayo lugha zake za kazi zilikuwa Kiingereza na Kifaransa. Kongo nayo iliingia katika Jumuiya mwaka 2022, na mizigo yake mingi hupitia bandari ya Dar es Salaam. Hapo panahitajika watu wa kutafsiri nyaraka, na mtu aliyesoma lugha akaongezea uelewa wa sheria hana washindani wengi. Pengine baba na binti wanaweza kukutana katikati.

Kabla ya kuomba, asome mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu wa mwaka huu, si wa mwaka jana uliosambazwa kwenye makundi ya simu. Kwa anayetoka kidato cha sita, kiwango cha chini ni ufaulu mkuu katika masomo mawili wenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0, lakini kila programu huongeza masharti yake, na kwa lugha za kigeni sharti linaloumiza wengi ni lile la kuwa umeisoma lugha hiyo sekondari. Binti yako ana HKL, hana Kifaransa wala Kiarabu. Kwa hiyo swali la kwanza analotakiwa kuiuliza idara ni kama inapokea wanaoanza sifuri, na kama inawapokea, wanaanza katika darasa lao au wanatupwa pamoja na waliokwisha kuisoma miaka sita. Nimeona vijana wenye akili nyingi wakivunjika moyo katika muhula wa kwanza kwa sababu hakuna aliyewaulizia hilo mapema.

*Mwalimu, nikisoma Kifaransa chuoni nitapelekwa Ufaransa? Kijana, Masasi.*

Usiweke hilo katika bajeti yako, kijana. Ufadhili wa masomo na mabadilishano ya wanafunzi upo, lakini ni wa kushindania, na wanaoupata kwa kawaida ni wale ambao tayari wana cheti cha kimataifa cha ngazi fulani, kama vile DELF kwa Kifaransa au HSK kwa Kichina. Anza na cheti.

*Shikamoo Mwalimu. Ninasoma kidato cha sita, nyumbani tunazungumza Kimakonde. Ninasita kati ya Kichina na Kifaransa. Wenzangu wanasema Kichina hakiwezekani kwa sababu neno moja lina maana nne ukibadilisha sauti. Unanishauri nini? Mwanafunzi, Newala.*

Marahaba, mwanangu. Barua yako imenifurahisha kuliko zote, kwa sababu jambo linalowatisha wenzako ndilo ambalo wewe huna haja ya kuliogopa.

Ni kweli kwamba Kichina sanifu kina toni nne, ukiacha ile hafifu. Silabi *ma* ikisemwa kwa sauti ya juu iliyotulia ni mama. Ikipandishwa ni katani. Ikishushwa chini kisha kuinuliwa ni farasi. Ikiangushwa kwa ghafla ni kukaripia. Kiswahili hakina utaratibu huo, ndiyo maana mwanafunzi wa Kiswahili pekee huona kama anaimbishwa. Lakini Kimakonde, sawa na Kiyao, Kimakua na lugha nyingi za Kibantu, ni lugha ya toni. Bibi yako hupandisha na kushusha sauti katika vitenzi kila siku bila kujua kwamba wanaisimu wameandika vitabu juu ya jambo hilo. Toni za Kimakonde hazifanyi kazi sawasawa na za Kichina, na usije ukaenda darasani ukidhani umeshafika. Ninachosema ni kwamba sikio lako limekwisha kuzoea kwamba kupanda na kushuka kwa sauti kuna maana.

Kuna jambo la pili ambalo walimu wa Kichina hutumia muda mwingi kuwaeleza Wazungu, na wewe utalielewa kwa dakika kumi. Mchina hawezi kusema “kitabu kimoja” kwa kuweka namba na nomino tu. Lazima katikati atie neno linaloonyesha kitu hicho ni cha kundi gani. Kitabu kina neno lake, *běn*, na vitu bapa kama meza na karatasi vina lao, *zhāng*. Sisi tulioanza kusema “kiti kimoja, mti mmoja, jiwe moja” kabla ya kuota meno ya mbele hatuwezi kulishangaa hilo. Ngeli si zile zile, ila desturi ya kuvipanga vitu katika makundi unayo tayari. Faida hiyo hiyo utaikuta katika Kifaransa, ambacho nomino zake zina jinsi mbili na sifa hufuata nomino: anayeweza kupatanisha ngeli za Kiswahili hashindwi na makundi mawili.

Kinachobaki kigumu katika Kichina ni maandishi, na hapo sina maneno ya kukufariji; ni kuandika na kurudia. Taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani hutenga takribani saa 2,200 za darasa kwa Kichina, na chini ya saa 800 kwa Kifaransa. Hesabu hiyo imewekwa kwa mtu ambaye lugha yake ni Kiingereza, kwa hiyo usiibebe nzima nzima, lakini inakuonyesha uzito wa mizigo hiyo miwili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma vyote vina Taasisi ya Confucius, zilizoanza mwaka 2013, na huko Kichina huambatana na shughuli nyingi: maandiko ya brashi, sherehe za mwaka mpya wa Kichina, na mashindano ya lugha yanayoitwa Daraja la Kichina, ambayo hukutanisha wanafunzi wa vyuo vikuu kutoka nchi nyingi.

Ushauri wangu: ukipenda kuandika kwa mkono na una subira, chukua Kichina. Ukiwa mtu wa kubishana na kusoma riwaya, chukua Kifaransa. Na usiache Kimakonde, maana katika darasa la isimu utaulizwa mifano, na mwenye lugha tatu ana mifano mingi kuliko mwenye mbili.

*Mwalimu, mimi ni mwongoza watalii. Sina muda wa shahada, nina umri wa miaka 41 na watoto watatu. Wageni wangu wengi ni Wajerumani, wachache ni Wareno. Nianze na lugha ipi, na je, sisi tusio wanafunzi tunaruhusiwa katika shughuli za utamaduni za vyuo? Kilwa Masoko.*

Ndugu yangu, kwa mkate wa kila siku anza na Kijerumani, kwa kuwa wewe mwenyewe umesema ndio wageni wako wengi. Huhitaji shahada, unahitaji ngazi mbili za mwanzo, A1 na A2, ambazo mtu mwenye bidii huzifikia bila kuacha kazi yake, sehemu kwa mtandao na sehemu kwa kwenda Dar es Salaam, ambako Goethe-Institut huendesha kozi na mitihani. Kisha ongeza msamiati wa kazi yako, ambao hakuna kitabu cha ngazi ya A1 kitakachokupa: matumbawe, kuba, msikiti, kisima, vigae. Mgeni husamehe sarufi mbovu. Hasamehi kuambiwa “hii jengo ya zamani” mara kumi na mbili kwa siku.

Kijerumani kitakupa pia habari ambazo wenzako hawana. Mifupa ya mijusi wakubwa wa kale iliyochimbwa Tendaguru, katika mkoa wako wa Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, ilibebwa na wapagazi hadi pwani na kusafirishwa Berlin, zaidi ya tani 200, na ripoti za uchimbaji ziliandikwa kwa Kijerumani. Msimamizi mkuu wa wachimbaji wenyeji, Boheti bin Amrani, ametajwa humo. Mgeni kutoka Berlin ambaye tangu utotoni amekuwa akiutazama mnyama yule katika makumbusho ya kwao, ukimweleza kwa lugha yake kwamba mifupa ilitoka safari ya siku chache tu kutoka hapo mliposimama, hatakusahau.

Lakini Kireno usikitupe, maana unapita mbele yake kila asubuhi. Wareno waliuteka mji wa Kilwa mwaka 1505 na kujenga ngome, na historia ya masultani wa Kilwa imetufikia kwa njia mbili, moja ya Kiarabu na moja ya Kireno, hii ya pili ikiwa ndani ya kitabu cha João de Barros cha mwaka 1552. Magofu ya ngome iliyopo leo kisiwani, ambayo Waomani waliijenga upya baadaye, yanaitwa Gereza. Neno hilo wanaisimu hulitoa katika Kireno *igreja*, ambalo maana yake ni kanisa. Mwambie Mreno hivyo, kisha nyamaza umwangalie anavyolipokea. Ukimaliza, mwonyeshe meza, bendera, leso na mvinyo, ambayo yote ni maneno ya babu zake tuliyoyachukua bila kurudisha.

Kuhusu kuruhusiwa, usiku wa utamaduni wa vyuo vingi huwa wazi kwa wageni, na waandaaji hufurahi kumpata mtu anayetumia lugha hiyo kazini. Piga simu idarani mapema, jitambulishe kazi yako, na usishangae ukiombwa kuzungumza na wanafunzi dakika kumi. Safari ya kutoka Kilwa hadi Dar es Salaam ina gharama, kwa hiyo ipange siku moja na shughuli nyingine.

*Mwalimu mwenzangu, nataka kuanzisha siku ya lugha na utamaduni katika shule yetu ya sekondari, kama wanavyofanya vyuo vikuu. Hatuna fedha, hatuna vipaza sauti, na mwalimu wa Kifaransa ni mmoja. Nianzie wapi? Nachingwea.*

Mwalimu, anzia kwenye kalenda. Siku ya Kifaransa duniani ni 20 Machi, ya Kireno 5 Mei, ya Kiswahili 7 Julai na ya Kiarabu 18 Desemba. Ya Desemba wanafunzi wako likizo, na ya Julai inaangukia Sabasaba, ambayo ni sikukuu. Machi mvua za kwetu bado zinanyesha na ukumbi wenu, nadhani, ni chini ya mwembe. Kwa hiyo inabaki Mei, na Mei ni ya Kireno.

Huna mwalimu wa Kireno, najua. Lakini uko Nachingwea, mahali ambapo FRELIMO iliwafundisha wapiganaji wake wakati wa vita vya ukombozi, kabla Msumbiji haijapata uhuru tarehe 25 Juni 1975, na Kireno ndicho kilichowaunganisha wapiganaji wa makabila mbalimbali katika kambi ile. Ulizia vijijini. Haitakuwa ajabu ukimpata mzee mmoja anayekumbuka amri za kijeshi, salamu, au ubeti wa wimbo. Wanafunzi wamhoji wiki mbili kabla, waandike maneno anayoyakumbuka, wayatafutie maana katika kamusi, halafu siku yenyewe wayasome mbele yake. Hiyo ni kazi ya utafiti ambayo idara nyingi za chuo zingeionea wivu.

Mwalimu wako wa Kifaransa mpe igizo la dakika saba, lisizidi. Igizo refu huwaua watazamaji wasiojua lugha. Afadhali achukue hadithi ya sungura na fisi ambayo kila mtu anaijua, aifasiri kwa Kifaransa chepesi pamoja na wanafunzi wake, ili mtazamaji afuate kisa hata asipojua neno moja. Ngoma msiiache, lakini isiwe ya kujazia nafasi: mapiko huchezwa kwa Wamakonde wa pande zote mbili za Ruvuma, kwa hiyo mwanafunzi mmoja asimame aeleze kwa Kiingereza, au kwa Kireno cha kubabaisha alichokipata kwa mzee, kinyago kile kinawakilisha nani.

Vipaza sauti havina ulazima. Wapange watazamaji nusu duara, waigizaji wasimame upepo ukiwapiga mgongoni ili sauti iende mbele, na yule mzee kiti chake kiwe safu ya kwanza, upande wa kivuli cha saa tisa, kwa sababu shughuli za shule hazianzi kwa wakati.